Lipime Gari la Umeme Likiwa na Asilimia 20

Mtu wa Musoma anayefikiria kununua gari la umeme huuliza kwanza linakwenda kilometa ngapi kwa chaji moja. Muuzaji humpa namba, naye huondoka nayo kama ahadi. Swali linalopaswa kufuata huulizwa na wachache: chaji ikishuka hadi robo, au hadi sehemu ya kumi, gari hilo litapanda mlima na kulipita lori kama lilivyofanya asubuhi lilipokuwa limejaa? Katika Mkoa wa Mara, ambako mafuta yanapatikana kila mji lakini mahali pa kuchajia gari hapajazoeleka, swali hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza.

Jibu kwa kifupi ni hili. Kati ya asilimia 20 na 80 gari la umeme lililotengenezwa vizuri hubaki karibu lile lile, na dereva wa kawaida hataona tofauti ya nguvu. Juu ya 80 hubadilika namna linavyopokea umeme, kutoka kwenye chaja na kutoka kwenye breki. Chini ya 20 ndiko nguvu yenyewe huanza kupungua, na karibu na sifuri gari hujizuia makusudi ili betri isiharibike. Kwa hiyo mnunuzi wa Mara anayetaka kujua thamani ya gari asilipime likiwa limejaa. Alipime kwa kazi linayoweza kumaliza kabla ya kushuka chini ya asilimia 20.

Kinachotokea ndani ya betri

Gari la petroli halijali tangi limebakiwa na nini. Pampu hupeleka mafuta yale yale tangi likiwa limejaa au likiwa robo, na injini hutoa nguvu ile ile hadi tone la mwisho. Betri haiko hivyo. Nguvu inayotoka kwenye betri ni volti zikizidishwa kwa ampea, na volti hushuka kadiri chaji inavyopungua. Simtanki lililoinuliwa juu ya mnara hufanya hivyo hivyo: maji yakipungua, msukumo wa bombani nao hupungua.

Tuchukue gari linalofahamika. Nissan Leaf iliingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2010, na kwa kuwa Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, Leaf zilizotumika ni miongoni mwa magari ya umeme yanayomfikia kwa urahisi mnunuzi wa Afrika Mashariki. Leaf ya kwanza ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24 na mota ya kilowati 80. Betri hiyo ina seli zilizopangwa katika ngazi 96 zinazofuatana. Seli ikiwa karibu kujaa hutoa takriban volti 4.1, hivyo betri nzima hutoa kama volti 394. Chaji ikikaribia kwisha seli hushuka hadi kama volti 3.4, na betri nzima huwa na volti 326 hivi.

Ili mota ipate kilowati 80 kwa volti 394 inahitaji ampea 203. Kwa volti 326 inahitaji ampea 245. Ongezeko hilo ni la kama asilimia 20, lakini joto linalozalishwa ndani ya betri hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo joto huongezeka kwa zaidi ya asilimia 40 kwa kazi ile ile. Zaidi ya hapo, ukinzani wa ndani wa seli hupanda chaji inapofika chini kabisa. Dereva akikanyaga kwa nguvu, volti huporomoka ghafla na seli dhaifu kuliko zote huweza kufika kwenye kikomo chake cha chini kabla ya wenzake.

Hapo ndipo kompyuta inayosimamia betri huingilia kati. Hupunguza ampea ambazo mota inaruhusiwa kuchota, kwanza kidogo kidogo, halafu kwa ukali. Kwenye Leaf hatua ya mwisho huonyeshwa na taa yenye picha ya kobe. Gari bado linatembea, lakini kwa mwendo wa kujikokota hadi dereva apate mahali salama pa kulitoa barabarani. Fundi asiyelijua jambo hili anaweza kudhani mota imekufa, kumbe betri inajilinda.

Zaidi ya hayo, tangi la petroli likipungua gari huwa jepesi. Betri tupu ina uzito ule ule wa betri iliyojaa. Gari la umeme humaliza safari likiwa na mzigo wake wote na msukumo uliopungua.

Betri za aina mbili, tabia mbili

Si betri zote hushuka kwa namna moja. Magari mengi, Leaf mojawapo, hutumia lithiamu pamoja na madini kama nikeli, manganizi au kobalti. Volti zake hushuka polepole kuanzia juu hadi chini, hivyo kompyuta ya gari huweza kukadiria chaji kwa kutazama volti.

Aina ya pili ni lithiamu yenye fosfeti ya chuma. Kampuni ya BYD ya China imeijenga biashara yake juu ya betri za aina hii. Seli yake hukaa karibu na volti 3.2 au 3.3 kwa sehemu kubwa ya safari, kisha huporomoka haraka mwishoni. Faida yake ni kwamba nguvu hubaki sawa kwa muda mrefu, na betri huvumilia kujazwa na kutumiwa mara nyingi zaidi. Hasara yake ni kwamba kompyuta hupata shida kujua chaji iliyobaki, kwa sababu volti za asilimia 70 na za asilimia 40 zinakaribiana mno. Ndiyo maana watengenezaji hushauri betri hizi zijazwe hadi 100 mara kwa mara, kwa mfano mara moja kwa wiki, ili hesabu irekebishwe. Asiyefanya hivyo anaweza kuona asilimia 15 kwenye dashibodi, na muda mfupi baadaye gari likaishiwa.

Kwa mtu anayenunua gari lililotumika, kujua aina ya betri ni jambo la lazima, kwa kuwa malezi ya aina moja huweza kuidhuru nyingine. Betri ya nikeli haipendi kuachwa imejaa siku nyingi, hasa kwenye joto. Betri ya fosfeti inahitaji kujazwa ili ijijue.

Juu ya asilimia 80

Gari lililojaa lina nguvu zake zote, lakini lina mambo mawili ambayo dereva anapaswa kuyajua.

La kwanza ni kasi ya kuchaji. Chaja ya haraka hupeleka umeme mwingi betri ikiwa chini au katikati. Inapokaribia asilimia 80, seli huwa karibu na kikomo cha volti zake, na ampea lazima zipunguzwe. Zisipopunguzwa, lithiamu huanza kuganda kama chuma juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake, na uwezo wa betri hupotea moja kwa moja. Ndiyo sababu asilimia 20 za mwisho huweza kuchukua muda karibu sawa na 60 za katikati.

La pili ni breki. Dereva anapoachia kanyagio au kugusa breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Betri iliyojaa haina pa kuupokea. Gari linaloanza safari na asilimia 100 kisha likateremka mlima halitashikwa na mota kama dereva alivyozoea, na kazi yote hubaki kwa breki za kawaida. Usalama upo, lakini dereva anayetegemea ule mvuto wa mota atashtuka. Anayechaji Butiama na kuteremka kuelekea ziwani anafanya vizuri kuachia kwenye asilimia 90.

Asilimia mia ya kitu gani?

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Asilimia inayoonekana kwenye dashibodi hupimwa kwa uwezo ambao betri inao leo, na uwezo huo hupungua kwa umri. Betri iliyozeeka ikijaa huandika 100 kama iliyo mpya. Kiasi cha chaji na afya ya betri ni vitu viwili tofauti, na gari linaweza kuwa na cha kwanza bila cha pili.

Leaf hulionyesha hili waziwazi kwa vistari 12 vidogo pembeni ya kipimo cha chaji. Kistari cha kwanza hupotea betri inapokuwa imepoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata huwakilisha asilimia 6 na kidogo. Leaf yenye vistari 9 ina uwezo wa kama asilimia 70 ya ule wa kiwandani. Mwaka 2012 wamiliki wa Leaf katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40, walilalamika kwamba vistari vyao vinapotea haraka, na Nissan ikalazimika kuongeza dhamana inayohusu uwezo wa betri. Leaf zinazozungumziwa hapa hazina mfumo wa maji wa kupozea betri, hivyo joto la mahali gari lilipoishi limeandikwa ndani ya betri yake.

Betri iliyochoka pia ina ukinzani mkubwa wa ndani. Maana yake ni kwamba ile hali ya kujizuia ambayo gari jipya huionyesha karibu na sifuri, gari la zamani linaweza kuanza kuionyesha mapema zaidi, hasa mlimani.

Hesabu ya barabara za Mara

Sasa tuziweke namba hizi barabarani. Leaf ya kilowati-saa 24 ilipokuwa mpya ilipewa na wapimaji wa serikali ya Marekani umbali wa kilometa 117. Tuseme iliyofika Musoma ina vistari 9. Uwezo wake ni kama kilometa 82. Dereva akitaka kubaki juu ya asilimia 20, ana kilometa 66 za uhakika.

Kutoka Musoma hadi Butiama, ukipitia Makutano, ni safari ya zaidi ya kilometa 35 kwa upande mmoja. Gari hilo litafika bila wasiwasi, lakini halitarudi Musoma likiwa juu ya asilimia 20. Na Butiama iko juu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na barabara ya kwenda alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere hupanda kuliacha ziwa. Gari lenye uzito wa kilo 1,700 pamoja na abiria hutumia karibu kilowati-saa moja kwa kila mita 200 za kupanda, mbali na umeme wa kusonga mbele. Kwa lugha ya LUKU hiyo ni uniti moja nzima. Sehemu yake hurudi wakati wa kuteremka, lakini si yote.

Kupanda huko kuna mtego mwingine. Kilometa zilizobaki ambazo dashibodi huandika hukokotolewa kwa kutazama gari lilivyotumia umeme muda mfupi uliopita. Aliyetoka kuteremka Butiama huonyeshwa namba kubwa kuliko uhalisia, na aliyetoka kupanda huonyeshwa ndogo. Asilimia ya chaji ni shahidi wa kuaminika kuliko kilometa zinazokisiwa.

Musoma hadi Bunda ni zaidi ya kilometa 60. Leaf yetu yenye vistari 9 itafika Bunda ikiwa pembezoni mwa asilimia 20, na ikikutana na upepo wa mbele, kiyoyozi kilichowashwa au abiria wanne na mizigo, itaingia katika eneo ambalo nguvu zinapungua. Kurudi siku hiyo hiyo bila kuchaji haiwezekani. Kwa kazi ya michomoko, yaani magari madogo ya abiria, inayokwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, gari hili halifai hata likipatikana kwa bei ya chini kiasi gani.

Leaf ya kilowati-saa 40, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017, ina picha tofauti. Ilipimwa kwa kilometa 243. Ikiwa na afya ya asilimia 85 inabaki na kama 206, na kwa kutobomoa akiba ya asilimia 20 inatoa 165. Musoma, Bunda na kurudi inawezekana. Mwanza, iliyo zaidi ya kilometa 200 kutoka Musoma, haiwezekani bila kusimama njiani kuchaji, na mahali pa kusimama kwa akili ni Bunda.

Mwendo nao huamua. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo anayekimbia kilometa 100 kwa saa kati ya Makutano na Bunda hula chaji kwa kiasi kikubwa kuliko anayekwenda 70. Chaji ikiwa chini, kupunguza mwendo hufanya mambo mawili kwa pamoja: hupunguza matumizi, na hupunguza ampea zinazoikera betri.

Hali ya hewa iko upande wetu

Wasomaji wa habari za Ulaya husikia kwamba baridi hupunguza sana umbali wa magari ya umeme. Ni kweli, na bado nchini Norwei, nchi ya theluji, karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme. Seli ya lithiamu ikiwa na baridi ukinzani wake hupanda, na madhara ya chaji ndogo huanza mapema. Mwambao wa Musoma hauna tatizo hilo. Mchana joto huwa karibu nyuzi 28, na usiku ziwa huzuia baridi kali. Betri ikipumzika kwenye kivuli katika hali hii hutoa nguvu yake vizuri na huzeeka taratibu. Kinachobaki mikononi mwa mwenye gari ni kutoliacha juani siku nzima likiwa limejaa, na kutoliacha wiki kadhaa likiwa karibu na sifuri.

Mbugani na kwenye pikipiki

Bunda ni jirani wa Serengeti kupitia lango la Ndabaka, na huko tayari kuna uzoefu. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutumia gari la umeme kwa safari za watalii nchini. Upande wa Kenya, kampuni ya Opibus, ambayo tangu 2022 inaitwa Roam, imebadilisha magari ya petroli na dizeli kuwa ya umeme, yakiwemo yanayotembea Maasai Mara. Magari haya yanafanikiwa kwa sababu kazi yake inalingana na tabia ya betri: hutoka asubuhi yakiwa yamejaa, hutembea polepole, hurudi kambini mchana, na huchajiwa mahali pamoja. Tatizo lao ni udongo mweusi wakati wa mvua. Gari lililokwama hudai ampea nyingi kwa mara moja, na kudai hivyo likiwa na asilimia 15 ndiko kunakoamsha ulinzi wa betri. Dereva wa mbugani anapaswa kuhesabu akiba kubwa zaidi ya yule wa lami.

Pikipiki za umeme zimelitatua jambo hili kwa njia nyingine. Kampuni ya Ampersand ilianza Kigali mwaka 2019 kwa kubadilishana betri: dereva huacha iliyopungua na kuchukua iliyojaa, kisha anaendelea na kazi. Pikipiki yenye abiria na mzigo huonyesha udhaifu wa chaji ndogo upesi kuliko gari, kwa kuwa betri yake ni ndogo na mlima ni ule ule. Kwa bodaboda wa Musoma, kituo cha kubadilishia betri kina maana kuliko betri kubwa.

Umeme wa nyumbani unatosha?

Soketi ya kawaida ya volti 230, ikichotwa ampea 10, hutoa kilowati 2.3. Kuongeza kilowati-saa 24 kwenye betri, yaani kutoka 20 hadi 80 kwa Leaf ya 40, huchukua kama saa 11 au 12. Ni usiku mmoja mrefu. Mahali ambapo umeme ni hafifu na volti hushuka hadi 200, muda huongezeka, na umeme ukikatika usiku, asubuhi dereva huanza na chaji pungufu. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani ya takriban shilingi 350 kwa uniti pamoja na kodi, chaji hiyo hugharimu chini ya shilingi 10,000 hata ukihesabu umeme unaopotea njiani, nayo hutosha kilometa kama 150. Umbali huo kwa gari dogo la petroli hula kama lita 12.

Nafuu hiyo ni kubwa, na nchi ina umeme wa kuibeba. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Kinachokosekana Mara ni mahali ambapo gari lenye asilimia 20 linaweza kupata nyingine 60 ndani ya saa moja.

Anayetaka kununua, basi, afanye mambo matatu kabla ya kulipa. Aulize afya ya betri, si umri wa gari wala kilometa zake pekee. Alichukue gari likiwa na chaji ya chini, alipeleke mlimani likiwa na abiria, aone linavyopanda. Halafu apige hesabu ya safari yake ndefu kuliko zote za kila wiki, na kuhakikisha inaingia ndani ya asilimia 80 za uwezo uliopo leo.

Halmashauri, TANESCO na wenye vituo vya mafuta nao wana sehemu yao. Chaja moja ya haraka Bunda ingeziunganisha Musoma, Butiama, Ndabaka na Mwanza kwa magari ya umeme yanayopatikana kwa bei ya mtu wa kati. Ya pili Makutano ingeondoa hofu iliyobaki. Zijengwe sasa, kabla wananchi hawajanunua magari ambayo yatawakwamisha njiani na kuwafanya waamini kwamba teknolojia yenyewe haifai.